Diski ya Mzee Sengondo

1

Mara nyingi tatizo huwa ni waya. Nawaambia wateja kabla sijawasha pikipiki: hebu chungulia nyuma ya kompyuta, waya wa mtandao umekaa? Wanajibu umekaa. Nafika naukuta unaning'inia, na aliyenijibu ananitazama usoni bila haya. Kazi ya kuunganisha diski za kumbukumbu za wagonjwa majumbani imenifundisha jambo moja kuhusu binadamu, kwamba hapendi kuinama. Yuko radhi mzazi wake ashinde bila akili, ilimradi yeye asipige magoti chini ya meza.

Navoneiwa hakuwa hivyo. Aliponipigia simu alikuwa chini ya meza tayari, nikimsikia anakohoa vumbi.

"Dada fundi, waya umekaa. Ruta ina taa ya kijani. Nimezima kila kitu nikawasha upya kama ulivyotufundisha. Bado inaandika diski ya baba mkwe haipatikani."

"Imeanza lini kuandika hivyo?"

"Mimi nimeiona leo, nilipoondoa kitambaa nikifue. Mama mkwe huwa anaifunika kompyuta."

Nilisonya. Sijui nani aliwaroga watu wa nchi hii na vitambaa vya kufuma. Televisheni inafunikwa, jagi la maji linafunikwa, na mashine inayobeba akili ya mtu nayo inavalishwa maua ya uzi mweupe ili sebule ipendeze.

Diski hiyo niliifunga mimi. Mzee Sengondo Mbwambo alikuwa msimamizi wa ndiva, yaani lile bwawa la kijiji ambalo Wapare wanalijaza maji ya mlimani kisha wanayagawa mashambani kwa zamu. Alijua zamu ya kila shamba kichwani. Halafu ugonjwa wa kusahau ukamwanza. Siku hizi hakuna anayeuacha ugonjwa ule umalize mtu. Kumbukumbu zinahamishiwa kwenye diski kabla hazijaoza, diski inakaa kwenye kompyuta ya nyumbani, na mgonjwa anaisoma kwa kipokezi kidogo kilichobandikwa nyuma ya sikio. Akikumbuka jambo, kalichota huko. Akiona jambo jipya, linaandikwa huko huko. Mambo yakienda sawa hata yeye mwenyewe haoni tofauti.

Nilipanda mlima asubuhi hiyo hiyo. Ukungu ulikuwa haujaondoka migombani, na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi nilipofika uani kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu Bibi Nakundwa, mke wa mzee, akiwa mlangoni na ungo wa maharage. Kisha akapaza sauti kwa majirani. "Ficheni kuku, jamani! Mchaga amefika!"

"Kuku wenu nani anawataka, bibi? Wote wana kesi mahakamani."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika. Mpare na Mchaga ni watani, na kila nikifika kwao ilikuwa lazima tuanze hivyo. Nilimpenda yule bibi, naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Mzee alikuwa kibarazani juu ya kiti, amefunikwa blanketi, anazivuta nyuzi zake moja moja na kuzilaza gotini. Nilimwamkia. Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta. Mate yalimtoka, na Navoneiwa, mke wa mwanawe, akaja upesi kuyafuta kwa pembe ya kanga yake, akiwa ameinamisha kichwa ili asimkazie macho baba mkwe wake.

"Yuko hivi tangu lini?" nilimuuliza, na hasira ilikuwa imeshanipanda.

"Amekuwa akipungua kidogo kidogo. Tulidhani ugonjwa umeishinda mashine."

"Na hamkunipigia?"

"Mama alisema ni uzee."

Bibi alikuwa ameanza kupepeta maharage ambayo hayakuwa na taka.

2

Nilikuwa nafungua mkoba wa vifaa sebuleni mtoto alipoingia. Mvulana wa miaka minne, kichwa kikubwa, kaptula imeshikwa na kamba. Alikuwa na fimbo ya babu yake mkononi. Alinipita, akapanda kwenye kiti kikubwa cha mzee, akaiegemeza fimbo ukutani na kunikagua.

"Fundi," alisema, "leo usinivunjie kikombe."

Nilicheka, kisha nikaacha. Ni kweli nilivunja kikombe katika sebule ile. Kilikuwa cha kauri nyeupe yenye ua jekundu, nikakikanyaga siku ile ile niliyofunga diski, na mzee akaninunia. Wakati huo Navoneiwa alikuwa hata hajaolewa.

"Umemsikia mume wangu?" Bibi alidakia kutoka mlangoni kwa fahari. "Huyu hakosi neno!"

Mume wangu. Ndivyo bibi zetu wote wanavyowaita wajukuu wa kiume, na huyu alistahili utani huo kuliko wengine kwa sababu alirithi jina la babu yake kama lilivyo. Sengondo Mbwambo. Ndiyo desturi ya milima hii, jina la mzee linarudi kwa mjukuu hata kama mzee bado yu hai. Mama yake hakuweza kulitamka jina la mkwewe ovyo, kwa hiyo alimwita mwanawe "baba". Wajomba walimpisha kwenye kiti. Majirani walimuuliza zamu ya maji ni ya nani, naye akawajibu, nao wakashikana mbavu. Alipokosea walicheka. Alipoanza kupatia walicheka zaidi.

Nilitoa kitambaa. Chini yake kulikuwa na taa nyekundu inawaka, na uzi wa kitambaa ulikuwa umegeuka rangi mahali pale, kahawia, kwa joto la muda mrefu.

Nikafuata hatua zangu. Waya ulikuwa mzima. Ruta ilipumua vizuri. Niliituma kompyuta iite diski, diski ikaitika bila kuchelewa. Anwani ilikuwa sahihi, nenosiri halikubadilishwa, ruhusa za mzee zote zilikuwapo. Nikakagua ukuta wa ulinzi, kwa maana mara nyingine mashine hujizuia yenyewe kama mlevi anayejifungia nje ya nyumba yake. Haukuwa umezuia chochote. Ndipo nikafungua ukurasa unaoonyesha nani anaitumia diski kwa wakati huo.

Imeunganishwa, iliandika. Mtumiaji: Sengondo Mbwambo.

Nilitoka kibarazani nikamtazama mzee. Alikuwa anajaribu kuuingiza uzi wa blanketi mdomoni. Nikarudi. Mtoto kwenye kiti alikuwa amekunja nne.

"Navoneiwa," nilisema, "mwanao ana kipokezi?"

"Si wote wanawekewa kliniki? Siku ya chanjo ya surua. Mwenzangu alimwekea wake, na mimi nikamwekea. Wanasema kinasaidia kujifunza haraka."

"Waliandika jina gani?"

"Jina lake, la babu yake." Alikuwa bado hajaelewa. "Kuna kosa?"

Nikamweleza kwa lugha ya kwao. Diski ni ndiva. Mfereji wake ni mmoja, hauwezi kumwagilia mashamba mawili kwa pamoja. Kompyuta inauliza, maji haya ni ya nani? Inaambiwa, ya Sengondo Mbwambo. Sasa wako wawili wenye jina hilo ndani ya nyumba moja, mmoja ana kipokezi cha zamani na mwingine cha kisasa. Kila asubuhi kipya kinaitika kwanza, na kadiri mtoto anavyokua kinazidi kuukalia mfereji. Wa juu anakinga, wa chini anakauka.

"Kumbe ni hilo tu," alisema, na uso wake ukachanua. "Si unabadilisha jina la mmoja?"

"Nabadilisha."

"Basi badilisha, dada, baba mkwe anateseka. Mimi ndiye ninayemwogesha, najua."

Sikubadilisha. Kuna kitu nilitaka kukiona kwanza, na laiti ningekuwa mvivu kama wateja wangu ningeondoka bila kukiona. Nilitoa kifuniko changu cha chuma, kile cha kupimia vipokezi, kinazuia mawimbi yasipite. Nikamwendea mtoto.

"Mzee Sengondo, naomba nikupime sikio."

"Pima upesi, nina watu wa kuwagawia maji."

Nikakibandika kifuniko juu ya kipokezi chake.

Uso ule ukafutika. Sina namna nyingine ya kusema. Miguu iliyokuwa imekunjwa nne ilikunjuka, shingo ikalegea, mkojo ukatiririka kitini. Akafungua mdomo akatoa sauti nyembamba isiyo na neno hata moja, sauti ya mtoto wa wiki moja. Navoneiwa alimrukia kumkumbatia, na mtoto akamwona mama yake kwa karibu akaingiwa na hofu, akampiga mateke ya tumbo.

Na kule kibarazani sauti nene ikaunguruma. "Nakundwa! Nani ameacha mlango wa maji wazi?"

Maharage ya bibi yalimwagika yote.

"Rudisha!" alipiga kelele, lakini hakumgeukia mumewe aliyemwita. Alikuwa anamtazama mtoto. "Fundi, rudisha!"

Nikaondoa kifuniko. Mtoto akavuta pumzi, akajitazama kaptula iliyolowa kwa aibu ya mtu mzima. Kibarazani kukawa kimya tena.

3

Kichwa cha mtoto ni kama kichwa kingine chochote, kikipata pa kuegemea hakisimamishi nguzo. Kipokezi chake kiliunganishwa na diski kabla hajajua kusema. Kwa hiyo kila alichokiona kiliandikwa kwenye diski ya babu, na kila alichohitaji kukijua alikikuta huko kimeshaandikwa. Neno maji. Neno moto. Uso wa mama yake. Ndani ya fuvu lake mwenyewe hakukuwa na kitu.

Niliwaeleza hayo tukiwa tumekaa sebuleni, mtoto amebadilishwa nguo na kupelekwa uani achezee makaa.

"Nakili," Navoneiwa alisema. "Mpe kila mtu yake."

"Nakala haifanyi kazi. Unaweza kuitazama, kama picha ya harusi, lakini huwezi kuishi ndani yake. Kumbukumbu inasomwa na kuandikwa kwa wakati mmoja, na mwandishi ni mmoja."

"Gawanya basi! Ya mwanangu ni ya miaka minne tu. Ya baba mkwe ni mengine yote."

"Ya mwanao yameshonwa juu ya ya babu. Neno mama alilijulia kwenye kumbukumbu ya mama wa mzee. Ukikata, yanabaki matambara."

Alijifunga kanga upya kiunoni, akaifungua, akaifunga tena. Nilimwona anahesabu lile ambalo nilishamaliza kulihesabu. Mmoja atapata vyote na mwingine hatapata kitu.

"Basi liache kama lilivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Chukulia sikukupigia simu. Rudi zako nyumbani, dada. Mimi nitaendelea kumwogesha mzee, nitamlisha, nitamfanyia kila kitu mpaka Mungu atakapomchukua. Hateseki sana."

"Ulisema anateseka."

"Nilisema vibaya!"

Nilimgeukia bibi. "Wewe ulijua."

Alikuwa anaokota maharage sakafuni. Hakukana. "Nilijua siku mjukuu aliponiambia jina la mtoto wetu tuliyemzika. Hakuna mtu hapa kijijini anayelijua jina lile ila mimi na mzee. Nikaona, kumbe mume wangu amehama tu. Amehamia kwenye mwili ambao haujawahi kunipiga." Alipuliza vumbi kwenye konzi ya maharage. "Nilicheka, mtani. Kila mtu alikuwa anacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikafuma kitambaa kikubwa zaidi."

Hapo ningeweza kuondoka, na nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini sikuondoka. Sheria ya kazi yetu ni fupi: mwenye kumbukumbu ndiye mwenye neno. Ikitokea mgogoro unamuuliza yeye, na huwezi kumuuliza mpaka umuunganishe. Lakini sikuwa nafikiria sheria. Nilikuwa naisikia ile sauti ya kibarazani, ya mtu aliyeamka mara moja tu, akakuta mlango wa maji uko wazi, akazamishwa tena na mkono wangu. Alikuwa hai. Walikuwa wamemfunika na kitambaa naye yu hai.

"Lazima nimuulize," nilisema.

Navoneiwa alipiga magoti akanishika miguu. Kisha akakumbuka simu, akampigia mumewe Dodoma, akamweleza huku analia, maneno yanapandana. Sauti ya mwanamume ilisikika upande wa pili, ya mtu aliye kazini.

"Baba mwenyewe amesemaje?"

"Bado hajaulizwa."

"Basi aulizwe. Atakalosema ndilo."

Akakata. Navoneiwa aliitazama simu kana kwamba ndiyo iliyojibu.

"Atakubali," bibi alimwambia, akimbembeleza. "Ni babu yake. Babu gani atakataa?"

Wakamleta mtoto wakamlaza kitandani, mama yake akamshika mikono yote miwili. Nikaingia kwenye kompyuta. Jina la kipokezi kipya likawa Sengondo Mdogo. Nikaikata diski, nikaiunganisha upya, nikaiamuru ikumbuke hivyo kila inapowashwa. Taa nyekundu ilizimika, ya kijani ikawaka. Kazi iliyomharibu mtoto wa watu ilikuwa nyepesi kuliko kufunga kamba za viatu.

Chumbani ile sauti nyembamba ilianza.

4

Mzee aliingia kwa miguu yake. Blanketi alilitupa mlangoni. Alipita sebuleni akigusa vitu, kabati, saa, fimbo yake, na alipofika kwenye kiti akaona kimelowa akabaki amesimama.

"Nilikuwa wapi?" aliniuliza.

Nikamweleza yote, sikumpunguzia. Alisikiliza kama mzee wa baraza, kidevu juu ya fimbo. Nilipomaliza nilimuuliza swali kama linavyoulizwa kisheria: diski hii ni yako, unaitaka, au unamwachia mjukuu wako?

Bibi alikuwa anatabasamu kwa kumsihi. Navoneiwa alikuwa ametoka chumbani na mtoto anayejinyonganyonga mikononi, akapiga magoti mbali kidogo, uso chini.

"Naitaka," mzee alisema.

"Mzee," bibi alianza, "huyu ni jina lako..."

"Jina nilimpa. Akili sikumpa. Mimi sijafa, Nakundwa. Mmenikalisha pale nje nale nyuzi, na mwenzangu amekalia kiti changu mnamwita mume. Mnataka nirudi kule? Mnajua kulivyo kule?" Alinyoosha fimbo kuelekea kibarazani. "Hakuna giza kule. Afadhali kungekuwa na giza. Unajua kuna kitu umekisahau, na hujui ni nini, na kila anayekuja anakufuta mate."

Nilimchukia mzee yule, nilimchukia kwa moyo wote, kisha nikashindwa kuendelea. Alikuwa anaiomba akili yake mwenyewe. Mpare anashinda kesi nyingi kwa ubishi, lakini hii aliishinda kwa haki, na sijawahi kuona haki mbaya kama ile.

"Baba," Navoneiwa alisema. "Mwanangu hanijui."

"Atajifunza upya. Ni mdogo."

"Nani atajifunza, baba? Yupi?" Aliinua kichwa, akamkazia macho mkwewe kwa mara ya kwanza. "Aliyekuwepo yuko wapi?"

Mzee akaugeuza uso ukutani, ghafla, kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nilidhani ni hasira. Alikuwa na jasho mpaka shingoni.

"Fundi," alisema akiwa vile vile. "Kuna vitu humu si vyangu. Vifute."

"Vitu gani?"

"Vifute tu."

"Lazima uniambie ni vipi, mzee."

Alisema polepole, kwa ukuta. "Nakumbuka nimebebwa mgongoni. Nakumbuka kanga ya njano yenye korosho. Nakumbuka nikinyonya, na yule anayeninyonyesha ananiimbia, na ninamjua ni nani." Aliufunika uso kwa kiganja. "Ni mkwe wangu. Nitakaaje nyumba moja naye? Nitakulaje chakula chake? Futa!"

Navoneiwa alikuwa ameshaelewa kabla yangu. "Usifute!" Alimwacha mtoto sakafuni akanirukia, akaning'ang'ania mkono. "Dada, nakuomba, usifute. Ni mwanangu huyo. Ni yeye. Yumo humo!"

"Ni ya kwangu, nimesema futa!"

Mwenye kumbukumbu ndiye mwenye neno. Nilimtii mara moja na nikaona matokeo, yalikuwa yanagaagaa sakafuni yakijaribu kula mkono wake mwenyewe. Nikamwambia mzee kwamba hayafutiki. Ya mtoto yameshonwa juu ya yake, nikimkata huyu namkata na yeye. Nilisema kwa sauti ya kitaalamu, na akaniamini.

Ulikuwa uongo. Kuyachana ili mtoto apewe ndiko kusikowezekana. Kuyafuta kungenichukua muda wa kunywa chai. Nilifikiri namfanyia mama yule wema.

5

Nilianza kukusanya vifaa. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Mzee alitoka, akakaa kibarazani huku ametugeuzia ubavu. Bibi alichuchumaa mbele ya mtoto akiwa na kipande cha muwa.

"Mume wangu," alimwita. "Mume wangu, njoo."

Mtoto alipiga ukelele, akarudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani. Bibi alijaribu tena, akausogeza muwa karibu. Kisha alisimama, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Navoneiwa alimchukua. Alimkumbatia huku anapigwa, anakwaruzwa, anang'atwa bega, wala hakumwachia. Alimfunga mgongoni kwa ile ile kanga ya njano, akaanza kutembea sebule nzima, huku na huku, akimpigapiga makalio, na akaimba. Ulikuwa wimbo mwepesi wa kulaza mtoto, wa Kipare, sikuelewa maneno yake. Ni wimbo aliomwimbia tangu alipozaliwa. Mtoto hakuujua. Alizidi kulia, akinyoosha mikono kuelekea mlangoni, kuelekea popote pasipo na mwanamke huyo.

Alipofika ubeti wa pili nilimwona mzee. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Kichwa kilikuwa kimeegemea nguzo ya kibaraza, na mkono wake umepanda mdomoni, kidole gumba kimeingia ndani. Alikuwa anapigana nao mkono ule, anautoa, unarudi. Macho yalikuwa yanasinzia na machozi yanamtoka.

"Mama," alisema mzee.

Kisha akashtuka, akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

Navoneiwa aliacha kuimba. Alisimama katikati ya sebule. Mtoto alikuwa anamvuta nywele kwa nyuma. Polepole alilegeza fundo la kanga kifuani, akamshusha mtoto akamkalisha sakafuni, bila kumtazama, kama unavyoweka ndoo. Akatoka kibarazani. Alipiga magoti mbele ya kile kiti, akaitoa mikono ya mzee mdomoni, mmoja kisha mwingine, na kumfuta uso kwa kanga yenye korosho.

"Naam, mwanangu," alisema. "Nipo."

Mzee alimwangukia begani akalia kwa sauti, na yule mama akaendelea na wimbo pale alipouachia.

Mtoto alinyamaza. Alitambaa hatua chache, akaokota punje ya maharage iliyobaki chini ya kabati, akaitia mdomoni. Alinitazama. Hakuna mtu mwingine aliyekuwamo sebuleni wa kumtazama.

Nilimtoa punje ile mdomoni asije akapaliwa. Kisha nikafanya ninachofanya kila kazi ikiisha, nikakagua mara ya mwisho. Waya ulikuwa umekaa. Diski ya Sengondo Mbwambo ilikuwa imeunganishwa. Nikachukua kitambaa cha bibi, nikakitandaza juu ya kompyuta, nikakivuta vizuri mpaka taa haikuonekana.